Mashine Haikuwa Mbovu

Mashine haikuwa mbovu. Mimi nilichelewa. Kisha nikamwambia shangazi yangu kwamba mashine imeharibika, akaniamini, na maneno yangu akayapeleka kijijini kama alivyoyapokea. Yeye amekwisha kunisamehe na ameniambia tuyaache. Nayaandika kwa sababu hapa Tumbi, Kibaha, na huko Mlandizi na Kisarawe, wapo watu wanaopewa barua ya rufaa ya kipimo kama chake, na wengi wanakwenda na mawazo yaleyale niliyokwenda nayo mimi.

Nafundisha fizikia sekondari. Hilo halipunguzi kosa. Linaliongeza.

Shangazi ni dada wa marehemu baba, na anaishi Maneromango. Aliwahi kufanyiwa upasuaji wa titi, akapata nafuu, akarudi kwenye mihogo yake. Baadaye mgongo ukaanza kumsumbua. Mwanzoni tulisema ni jembe. Aliposhindwa kulala usiku tulimleta Hospitali ya Tumbi, wakampiga eksirei, wakampa dawa za maumivu, na kwa kuwa alikuwa na historia ya saratani wakamwandikia rufaa arudi kwa madaktari wake jijini. Wale wakataka picha ya mifupa ya mwili mzima, ile inayopigwa kwa dawa ya mionzi, ili wajue kama ugonjwa umehamia kwenye mifupa. Eksirei ya kawaida huchelewa kuuona ugonjwa wa namna hiyo, maana mfupa lazima uwe umeliwa sana ndipo uonekane. Dawa ya mionzi huuwahi, kwa sababu hukimbilia pale ambapo mfupa unahangaika kujijenga upya.

Akapewa tarehe. Siku moja kabla alipanda gari Maneromango, akapitia Mzenga hadi Mlandizi, akaja kulala kwangu ili alfajiri tuondoke pamoja. Karatasi ya miadi iliandikwa saa mbili kamili asubuhi. Chini yake mtu alikuwa ameongeza kwa kalamu: tafadhali usichelewe, na namba ya simu ya kupiga ukipata dharura.

Niliisoma ile karatasi. Siwezi kusema sikuiona.

Lakini asubuhi hiyo shuleni kulikuwa na kikao cha matokeo ya mtihani wa majaribio wa kidato cha nne. Ningeomba ruhusa, mkuu wa shule angenipa. Sikuomba. Matokeo ya fizikia yalikuwa mazuri na nilitaka niwepo yakisomwa. Nikajipa hoja ambayo kila aliyewahi kumpeleka mgonjwa hospitali kubwa anaijua: miadi ya saa mbili maana yake unafika saa mbili, faili linapatikana saa nne, na daktari anaanza kuona watu saa tano. Nikaona nikimfikisha saa tano tutakuta foleni ndiyo kwanza inasogea, na kikao nitakuwa nimekiwahi. Simu nikaizima sauti, nikaitia ndani ya mkoba.

Shangazi alikuwa ameshaoga na kuvaa tangu adhana ya alfajiri. Alikaa barazani na bahasha ya picha zake za zamani mapajani. Nilipopita kwenda shule aliniuliza, "Mwanangu, hatutachelewa?"

"Hapana, shangazi. Hospitali za mjini ni foleni tu. Nakuja sasa hivi."

Kikao kilirefuka. Tuliondoka Tumbi imepita saa nne. Barabara ya Morogoro ilikuwa vile ilivyo: tukasimama Kibamba, tukasimama Mbezi, tukafika Kimara tukapanda mwendokasi, na shangazi alikaa ameegemea upande mmoja kwa sababu ule mwingine ulikuwa unamuuma. Tulifika saa saba mchana.

Mtaalamu wa chumba cha dawa za mionzi alikuwa dada wa makamo. Alimwamkia shangazi, akamwomba akae kwenye benchi, kisha akanigeukia mimi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nimekupigia tangu saa mbili na nusu." Nikatoa simu kwenye mkoba. Namba yake ilikuwa imejaa kioo kizima.

Nikamuuliza kama tunaweza kuingia sasa. Badala ya kunijibu akaniita nimfuate, akanisimamisha mlangoni, nyuma ya mstari mwekundu uliochorwa sakafuni. Ndani, nyuma ya ukuta mfupi wa matofali ya risasi (hayo madini mazito, si risasi ya bunduki), palikuwa na kopo dogo zito lenye kifuniko. Juu yake kibandiko. Kilikuwa na jina la shangazi, namba yake ya faili, jina la dawa ya mifupa, na mistari miwili: milikyuri 20, saa 2:00. Akafungua kopo kwa koleo, akatoa bomba la sindano lililokuwa na maji yasiyo na rangi, akaliteremsha ndani ya kipimio. Namba nyekundu zikapanda zikatulia: 11.2.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nilielewa yote kwa mara moja, kwa sababu hesabu hiyo niliijua. Nusu-uhai ya tekineti-99m iliyomo kwenye dawa hiyo, yaani muda wake wa kupungua nusu, ni saa sita. Ukianza na 20 saa mbili asubuhi, saa nane mchana unabaki na 10. Sasa ni saa saba, kwa hiyo unabaki na kumi na moja na kitu. Ni swali nililowahi kulitunga mwenyewe kwa wanafunzi, nikabadilisha namba tu. Nilikuwa nimelisimamia likijibiwa, nikasahihisha na kuwakata maksi waliokosea. Sasa jibu lilikuwa mbele yangu kwenye kipimio, limeandikwa jina la shangazi yangu.

Nimejiuliza sana ilikuwaje nisilione mapema. Nadhani jibu ni mifano niliyozoea kufundishia. Nikifika kwenye somo la mionzi huanza na kaboni-14, ambayo nusu-uhai yake ni miaka 5,730. Kisha urani-238, miaka bilioni 4.5. Kisha, kwa sababu ni fahari yetu, nawapeleka wanafunzi Olduvai, kwenye lile fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey mwaka 1959, na jinsi miamba ya pale ilivyopimwa kwa potasiamu na argoni ikatoa umri wa miaka milioni 1.75. Wanafunzi huipenda sana sehemu hiyo. Mimi pia. Lakini mifano yote hiyo ni ya vitu vinavyokaa, na kwa miaka yote hiyo ilinijengea kichwani picha moja: kitu chenye mionzi hakiishi leo wala kesho. Nilijua kuandika ubaoni kwamba zipo nusu-uhai za saa na za dakika. Sikuwahi kufikiri maana yake kwa mtu aliyekaa kwenye daladala Kibamba. Kichwani mwangu dawa ya shangazi ilikuwa kabatini, kama panadol, inamsubiri aje. Kumbe ilikuwa imetengenezwa asubuhi ileile kwa ajili yake, na wakati mimi nasikiliza matokeo ya fizikia ilikuwa inaisha.

Nikamwomba yule dada amchome hivyohivyo. Akampigia daktari, wakaongea, akarudi na jibu la hapana. Baada ya kuchomwa, mgonjwa husubiri kama saa tatu dawa ishike kwenye mifupa ndipo alazwe chini ya kamera. Ingekuwa saa kumi jioni, na kamera ilikuwa imeshapangiwa watu. Tena kwa dawa iliyopungua hivyo picha huchukua muda mrefu zaidi, na mama mwenye mgongo unaouma hawezi kulala bila kutikisika muda wote huo. Picha ingetoka na ukungu. Kumpa mtu mionzi ili upate picha isiyosomeka ni kumpa mionzi bure.

Nikauliza kama hawawezi kutengeneza nyingine. Akasema jenereta, chombo wanachotolea dawa hiyo, imefika mwisho wa wiki yake, na yote iliyotoka asubuhi ilikuwa imegawanywa kwa majina. Kisha akaniambia jambo moja zaidi, kwa sauti ileile ya kazi. Saa tatu alikuja baba mmoja aliyekuwa kwenye orodha ya kusubiri, kuulizia kama kuna nafasi imepatikana. Akamjibu kwamba kuna mama kutoka Kibaha yuko njiani. Yule baba alikaa pale kwenye benchi mpaka saa tano, akaondoka.

Dawa ya shangazi ingemtosha yule baba kama ningepokea simu. Sikupokea. Iliishia ndani ya kopo, haikumfaa yeyote.

Nikatoka nje. Shangazi alikuwa amesimama ameshika bahasha, anasubiri kuitwa. Akauliza, "Vipi, mwanangu?"

Nikasema, "Mashine imeharibika, shangazi. Watatupangia siku nyingine."

Sikuipanga sentensi hiyo. Ilikuja tayari, na naona ilikuja kwa urahisi kwa sababu hapa kwetu haiulizwi. Ukisema mashine mbovu, dawa hakuna, mtandao uko chini, hakuna anayekwambia lete ushahidi. Zipo siku ambazo ni kweli, na kwa sababu hiyo uongo hupita humohumo. Shangazi alitikisa kichwa, akasema, "Basi, Mungu anajua," akaanza kujikongoja kuelekea getini. Yule dada alikuwa mlangoni nyuma yangu. Alisikia. Aliniangalia, akarudi ndani kwake.

Nauli ya shangazi nililipa mimi, na tarehe mpya ilipatikana jenereta nyingine ilipoingia. Katikati hapo alikunywa vidonge vya maumivu na kulala ameketi. Madaktari walikuwa wanasubiri picha ndipo waamue matibabu, kwa hiyo nao walisubiri. Hiyo ndiyo gharama ya kuchelewa, na ningeishia hapo kama kosa lingekuwa ni kuchelewa peke yake.

Siku moja shangazi akanipigia simu kunisalimia. Katika mazungumzo akasema kuna mama jirani yake pale Maneromango, naye ana rufaa ya kipimo kama chake, hospitali ileile. "Nimemwambia asihangaike kwanza," akasema. "Nimemwambia mashine mbovu, nimeshuhudia mwenyewe. Asije akapoteza nauli bure, mtu mwenyewe hana uwezo."

Nikamuuliza tarehe ya yule mama ilikuwa lini. Ilikuwa imeshapita.

Nilikaa na simu mkononi. Shangazi hakuwa amedanganya. Alikuwa amefanya kile ambacho jirani mwema hufanya, na alikifanya kwa neno langu. Nikahesabu na hii pia: sindano ya yule mama ilitengenezwa asubuhi ya siku yake, ikaandikwa jina lake na saa yake, ikawekwa ndani ya kopo la risasi. Yule dada akapiga simu, na haikupokelewa, au hapakuwa na namba ya kupiga. Kosa langu la kwanza lilipoteza dawa moja. La pili lilipoteza nyingine, na lingeendelea, maana neno la kuharibika kwa mashine likishafika kwenye kisima na msikitini halirudi lenyewe.

Nikamwambia, "Shangazi, mashine haikuwa mbovu."

Akanyamaza.

"Mimi nilichelewa. Dawa yako ilikuwa imetengenezwa, ikaisha nguvu tukiwa njiani. Nilikuwa kwenye kikao. Niliona aibu kukwambia."

Akasema, "Sasa kwa nini hukusema, mwanangu? Mimi si ningekusikia tu."

Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Siku ya mapumziko nilikwenda Maneromango, nikaenda kwa yule mama jirani nikiwa na shangazi, nikamweleza mbele ya watoto wake kama nilivyoeleza hapa. Alipewa tarehe nyingine. Alikwenda.

Safari ya pili na shangazi tulilala kwa ndugu Magomeni, tukafika hospitali geti halijafunguliwa. Nilimweleza yule dada niliyoyafanya, pamoja na yaliyotokea Maneromango. Alisikiliza. Kisha, labda kwa kuwa nilimwambia ni mwalimu, shangazi alipokwisha kuchomwa na sisi tukawa na saa tatu za kungoja, alikuwa akipata nafasi anakuja kunieleza kazi yake ilivyo. Ninayoyaandika hapa chini ni yale ambayo ningepaswa kuyajua kabla.

Jenereta wanayoisema si ile ya umeme. Ni chombo kizito, cha kubebwa kwa mikono miwili, na uzito wake wote ni risasi ya kuzuia mionzi. Ndani kabisa kuna kimrija cha kioo chenye unga wa alumina, na kwenye unga huo imenata molibdeni-99. Molibdeni hubadilika kidogokidogo kuwa tekineti, na tekineti hainati kwenye alumina. Kwa hiyo asubuhi wanaweka kichupa cha maji ya chumvi upande mmoja, na upande wa pili kichupa kilichofyonzwa hewa. Maji hupita kwenye kimrija, yanaiosha tekineti na kuiacha molibdeni. Dakika chache tu, na kwenye kichupa cha pili kuna maji safi ambayo kwa macho huwezi kuyatofautisha na ya drip. Wenyewe wanaita kukamua, na kweli ni kama ng'ombe: ukikamua leo asubuhi, kesho asubuhi imejaa tena, lakini kila siku inatoa pungufu ya jana. Nusu-uhai ya molibdeni ni saa 66. Jenereta ikiwa na nguvu kamili Jumatatu, Ijumaa imebaki na zaidi kidogo ya theluthi. Ndiyo maana wagonjwa wanapangwa kufuata jenereta. Jenereta haipangwi kufuata wagonjwa.

Wakishakamua hawachomi mara moja. Wanapima kama kuna molibdeni iliyopenya, maana hiyo haitakiwi kuingia mwilini. Wanapima alumini. Kisha wanachanganya na unga wa dawa inayojua njia: ya mifupa ni aina ya fosfoneti, ya figo ni nyingine, ya moyo nyingine. Wakikosea kidogo hapo, kwa mfano hewa ikiingia kwenye kichupa, tekineti haishikani na dawa. Badala ya kwenda kwenye mifupa inakwenda kwenye tezi ya shingo na tumboni, na picha inakuwa ya kitu kingine. Kwa hiyo wanachovya kijikaratasi na kupima tena usafi. Hapo ndipo wanagawa kwenye mabomba ya sindano, na kila bomba limepigiwa hesabu ya saa ya mwenyewe: wa saa mbili kiasi chake, wa saa tatu kiasi chake. Yote hayo yanafanyika wakati sisi wa Kibaha tunapanga foleni ya daladala Maili Moja. Mimi nilidhani wanafungua kabati.

Molibdeni yenyewe haitoki nchini. Huzalishwa kwenye vinu vya nyuklia vichache sana duniani, vikiwemo SAFARI-1 kule Pelindaba, Afrika Kusini, na vya Petten huko Uholanzi, Mol ya Ubelgiji na Australia. Kinu cha Chalk River cha Kanada kiliposimama kwa hitilafu mwaka 2009, na cha Petten kikafungwa kwa matengenezo mwaka 2010, hospitali za Marekani na Ulaya zenye kila kitu ziliahirisha wagonjwa. Kwetu jenereta huja kwa ndege, kwa vibali na ukaguzi wa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, na tangu inatoka kiwandani inapungua: kwenye ndege, kwenye forodha, kwenye lori. Ile sindano niliyoiacha iishe ilikuwa imesafiri hivyo mpaka ikafika kwenye kopo lenye jina la shangazi. Sehemu ya mwisho ya safari, kutoka Tumbi mpaka pale, ilikuwa yangu, na ndiyo iliyoshindikana.

Shangazi naye alikuwa na hofu yake, ambayo sikuwahi kumuuliza. Aliogopa kurudi nyumbani kwa wajukuu akiwa na mionzi mwilini. Aliposema hivyo yule dada alimjibu mwenyewe, polepole: anywe maji mengi, aende haja ndogo mara kwa mara, siku hiyo asipakate watoto wadogo kwa muda mrefu. Mimi nikaongeza hesabu. Saa 24 ni nusu-uhai nne, kwa hiyo kesho yake saa ileile inabaki sehemu moja kati ya 16, bila kuhesabu ile iliyotoka na mkojo, na keshokutwa karibu hakuna kitu. Shangazi akasema, "Kumbe inaisha." Ndiyo, inaisha. Kuisha huko ndiko kunakomfanya mtu aweze kuchomwa akarudi kwa wajukuu wake, na ndiko huko kulikoniadhibu mimi.

Picha ilionyesha madoa meusi kwenye pingili za mgongo na ubavu mmoja. Madaktari walibadilisha matibabu, wakampa tiba ya mionzi ya kupunguza maumivu. Sasa analala chali. Hakuna aliyeniambia kwamba zile siku tulizopoteza zilibadilisha kitu, na sikuuliza.

Tangu hapo somo la mionzi nalianza na tekineti. Olduvai inakuja mwishoni. Nawauliza wanafunzi kitu kinachopungua nusu kila baada ya saa sita kitabaki kiasi gani mtu akikwama Mbezi, na kila mwaka kuna mmoja anayekokotoa haraka halafu ananyamaza. Nawaambia pia kwamba ziko dawa zenye haraka zaidi. Ile inayotumika kwenye kamera za PET, ya florini-18, nusu-uhai yake haifiki saa mbili, ni dakika 110. Hiyo haiwezi kungoja ndege ya kutoka Ulaya, lazima itengenezwe na mashine iitwayo saiklotroni karibu na mgonjwa. Nairobi wanayo, Hospitali ya Aga Khan ilianza huduma hiyo mwaka 2018, na wenzetu wenye uwezo wamekuwa wakivuka mpaka kwenda huko au kupanda ndege kwenda India. Serikali yetu nayo imewekeza katika kituo cha namna hiyo kwenye hospitali ya saratani ya Ocean Road. Nalifurahia sana hilo. Lakini nikiwa mkazi wa Tumbi naiangalia Barabara ya Morogoro na kujua kwamba siku ya foleni mbaya, kati ya hapa na baharini, nusu ya dawa hiyo inaweza kuisha mgonjwa akiwa bado ndani ya gari.

Kwa hiyo, wewe uliyepewa karatasi ya kipimo cha dawa ya mionzi, au unayempeleka mzazi wako: saa iliyoandikwa pale si saa ya kuanza kupanga foleni. Kama unatoka Mzenga, Maneromango au Mlandizi, lala mjini ikiwezekana, au toka usiku. Acha simu yenye sauti, na namba uliyoandikisha hospitali iwe ya simu inayopokelewa. Ukiona hutafika, piga jioni ya siku iliyotangulia, kabla hawajakamua na kugawa, ili wamwite aliyeko kwenye orodha ya kusubiri. Na ukichelewa, waambie wa nyumbani kwamba umechelewa.